Ashiru Ametembea na Mama Yake Hajui

Shangazi Dominika, shikamoo. Naomba unisaidie, maana mdomo wangu hauwezi, ndiyo sababu naandika. Mimi ni msichana wa miaka kumi na nane, nimemaliza kidato cha nne, nimesomeshwa kwa Kiswahili na Kiingereza na lugha zote mbili hunikimbia mtu mzima akinikazia macho, ila kwa watoto wadogo naongea mpaka wananichoka. Mama yangu mkubwa, Mama Nurdini, analea nyumbani watoto wa majirani wanaokwenda shamba, mimi ndiye msaidizi wake, na sasa tumeomba nyumba isajiliwe, afisa ustawi wa jamii alikuja akatuagiza kisima cha maji ya mvua kiwekewe mfuniko wa kufuli, tumeweka, atarudi wiki ijayo kuzungumza na sisi na wazazi.

Kuna mtoto anaitwa Ashiru. Wenzake wanakimbiza kuku, yeye alikuwa anakaa tu. Siku moja nilikuwa napepeta mtama, yeye amesimama ameshika kinu, mara akakiachia, nikadhani ataanguka, hakuanguka, akatazama miguu yake kama miguu ya mgeni, kisha akaja. Akaja kwangu, Shangazi, mikono juu, hasemi kitu, na mimi ungo umeinama, mtama unamwagika, kuku wanakula na siwezi kunyanyua hata kidole, na kimya kilichoshuka pale uani sijakisikia hata msikitini. Nimesoma biolojia, mifupa na misuli naijua, lakini hakuna ukurasa ulionionya kwamba binadamu huanza hivyo, kwa kuachia.

Jioni sikumwambia mama yake, wala Mama Nurdini. Nilijisemea aone mwenyewe, furaha ya kwanza iwe yake, lakini ukweli nauandika hapa, nilitaka ibaki yangu kidogo. Basi mpaka leo hajaona, kwa sababu msimu huu wa kupulizia mikorosho kina mama wanarudi wamejaa unga wa salfa mpaka kwenye kope, na Mama Nurdini ameweka sharti kwamba mwenye salfa hagusi mtoto, watoto wanakohoa na macho yanawawasha, kwa hiyo mimi ndiye ninayewabeba mmoja mmoja kuwafikisha kwao, na Ashiru akitoka mgongoni kwangu anapanda mgongoni kwa bibi yake, hakanyagi chini, na mama yake akimaliza kuoga mtoto ameshalala.

Jana Mama Ashiru alisimama mbali nasi kwa sababu ya hiyo salfa, akaniuliza, "Mwanangu hata kujaribu hajaribu?" Nikampandisha Ashiru mgongoni kwa bibi. Bibi akadakia, "Huyu ana miguu ya kukalia baraza. Jumamosi namchimbia shimo nimfukie mpaka kiunoni, miguu ikaze. Na kwa Mama Nurdini haendi tena, wanamkalisha tu kama mtungi." Mama yake akacheka, halafu akajifuta macho, akasema ni salfa.

Nikisema sasa wataniuliza kwa nini nilinyamaza, na afisa akisikia tumemficha mzazi habari za mtoto wake labda tutanyimwa usajili kwa sababu yangu. Nisiposema, Ashiru ataingia shimoni na miguu yake mizima. Nifanyeje?

Mwenye aibu, Chilangala, Newala.

Marahaba, mwanangu. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, ikanibidi nikae. Nimelea wangu na wa wenzangu, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba tunaanza kwa kuachia. Ahsante. Sasa nikugombeze.

Usijifiche nyuma ya aibu. Neno lenyewe umeshalitaja, ulitaka ibaki yako, sitalirudia. Ila mtu anayetaka kusajiliwa kulea watoto wa watu anakabidhiwa mtoto pamoja na habari zake. Wewe kila jioni ulirudisha mtoto, habari ukalala nazo. Lile shimo la Jumamosi, bibi ana jembe, lakini nusu umechimba wewe. Na bibi usimchukie, anahofia mjukuu. Umwambie tu kwa heshima kwamba mtoto akichelewa kutembea anapelekwa zahanati akaangaliwe, hafukiwi.

Leo hii mwambie Mama Nurdini, maana jina litakalosajiliwa ni lake. Afisa naye akirudi, mwambie wewe mwenyewe kabla bibi hajamwambia. Na jioni ya leo usimbebe Ashiru. Najua maji yalivyo adimu huko juu Newala, hata hivyo weka ndoo mlangoni na kanga safi, Mama Ashiru anawe, abadilishe, aingie uani. Bibi naye aje, na mgongo wake aupumzishe. Useme, "Ametembea, niliona nikanyamaza, nisameheni." Kiswahili kikikukimbia, sema kwa Kimakonde, hicho hakijawahi kukupa mtihani. Watakufokea. Vumilia.

Halafu msimamishe Ashiru penye kinu. Usikae mbele yake. Kaa nyuma ya mama yake, kwa sababu mtoto atakuja kwako, na njiani atamkuta yeye. Asipotembea leo, kesho ndoo iwe mlangoni tena.

Na akiyumba, usiinuke. Mama yake yuko karibu zaidi.