Wivu Wangu kwa Madam Neema na Atomu za Sodiamu

Jumamosi. Joto la leo hapa mtaani kwetu Chuno halina adabu. Mawingu yamejaa tangu asubuhi, mvua hainyeshi, na umeme umekatika kwa hiyo hata feni haina la kunisaidia. Naandika nikiwa nimekaa sakafuni, ambako sementi bado ina ubaridi kidogo.

Niutaje ugonjwa kwa jina lake: wivu.

Si wivu wa mume. Mume wangu yuko zake kazini bandarini, na akirudi ataulizia chakula kama kawaida. Ninayemwonea wivu ni mwalimu mwenzangu, Madam Neema, aliyehamia shuleni kwetu mwaka huu kutoka Iringa. Wote wawili tunafundisha kemia. Mimi nimebaki na madarasa ya chini, yeye kapewa kidato cha tano, na humo ndimo alimo binti yangu Rehema.

Neema ni mdogo kwangu. Kila asubuhi ananiamkia, "Shikamoo dada," na mimi naitikia marahaba huku natafuta kosa. Silipati. Hachelewi, hagombani na mtu, anacheka vizuri. Wanafunzi wakitoka kwenye kipindi chake wanabishana kuhusu atomu mpaka kwenye foleni ya chakula. Wakitoka kwangu wanaikimbilia foleni tu.

Hayo ningeyavumilia. Kinachoniuma ni Rehema.

Tangu akiwa kidato cha kwanza, alikuwa ananifuata jikoni na maswali. Mimi nakuna nazi, yeye kakalia ndoo iliyogeuzwa, tunabishana kwa nini chumvi inayeyuka na mchanga hauyeyuki. Ile ndiyo ilikuwa starehe yangu. Mwaka huu ndoo imebaki na kazi ya maji. Sasa nyumbani kwangu mwenyewe nasikia "Madam Neema amesema," na juzi nimemwona Rehema anashika kalamu vilevile anavyoishika yule.

Jumatatu kuna maonyesho ya sayansi ya shule za mkoa, na Rehema ndiye atakayesimama mbele ya majaji kwa niaba ya shule yetu. Aliambiwa achague mwalimu wa kumsimamia. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria kitenge cha kuvaa siku hiyo. Akamchagua Neema.

Mada yake ni jinsi ukubwa wa atomu unavyohusika na mpangilio wa metali. Alhamisi jioni alifanya mazoezi sebuleni, mimi na baba yake tukiwa ndio majaji. Alianza vizuri mno. Alieleza kwamba ukienda kulia kwenye jedwali la elementi atomu zinapungua ukubwa, kwa sababu protoni zinaongezeka katikati na kuzivuta elektroni karibu. Ukishuka chini zinanenepa, kwa kuwa kila mstari unaongeza tabaka jipya la elektroni. Akaeleza kwamba ndani ya metali atomu zimepangwa kwa utaratibu unaojirudia, kama machungwa kwenye meza ya muuzaji, na kitu kilichopangwa hivyo ndicho kinaitwa fuwele. Baba yake alipiga makofi kabla hajamaliza.

Ndipo akasema sodiamu ni laini kwa sababu atomu zake ni kubwa, na vitu vikubwa vikipangwa huacha nafasi tupu nyingi kuliko vidogo. Aluminiamu, akasema, atomu zake ni ndogo, kwa hiyo zimeshindiliana vizuri.

Nikakaa sawa kwenye kiti. Hilo si kweli.

Nilinyamaza, na moyoni nilifurahi. Nilijua, au nilidhani najua, maneno hayo yametoka kwa nani. Nikamwona kabisa jaji mmoja akiuliza swali moja tu siku ya Jumatatu, na Neema akiinamisha kichwa kwenye kile kiti cha msimamizi ambacho kilipaswa kuwa changu.

Jana baada ya vipindi, nikiwa peke yangu nyumbani, nilitaka kuwa na uhakika kabla ya kuendelea kufurahi. Nikachukua makopo mawili yanayolingana, moja nikalijaza njugu mawe, jingine mtama. Nikayatikisa mpaka vikatulia. Kisha nikamimina maji kwa kikombe, upesi, kabla hayajanywewa na nafaka, mpaka yakafika ukingoni. Maji yaliyoingia kwenye makopo yale mawili yalikaribia kulingana kabisa. Njugu zina mianya mikubwa lakini michache, mtama una mianya midogo lakini mingi, na ukijumlisha utupu ni uleule.

Atomu nazo ni hivyo. Sodiamu ina utupu zaidi kidogo, kweli, lakini ni kwa sababu ya mpangilio: kila atomu yake ina majirani wanane wa karibu, wakati ya aluminiamu ina kumi na wawili. Na kwenye metali isiyochanganywa, mpangilio unaamuliwa zaidi na elektroni kuliko na unene. Ulaini nao ni wa elektroni, kwani atomu ya sodiamu inatoa moja tu ya kuishikanisha na wenzake, ya aluminiamu inatoa tatu. Ukubwa unakuja kutawala unapochanganya metali. Atomu za shaba na nikeli zinakaribiana ukubwa, kwa hiyo zinaachiana nafasi bila ugomvi. Kaboni ni ndogo, inajipenyeza kwenye mianya ya chuma, na chuma kinakuwa kigumu cha kutosha kutengeneza panga.

Njugu nikazichemsha. Jioni tuliula ushahidi, na Rehema akasifia chumvi.

Sitajipamba hapa. Nilikaa mkeka mmoja na mwanangu, najua Jumatatu ataulizwa na atakwama, nikamwongezea njugu. Nilijiambia kwamba atakayeaibika ni Neema. Lakini atakayekuwa amesimama mbele za watu si Neema.

Leo asubuhi nimemkuta Rehema akinyoosha sare yake kwa pasi ya mkaa huku anajisemea yale maelezo. Kola aliirudia tena na tena. Alikuwa na hofu, na mimi hofu ya mtoto wangu naijua hata akiwa amenipa mgongo. Nikashindwa kuvumilia.

"Rehema, pale kwenye sodiamu pana kosa. Huyo Madam wako kakupotosha."

Akaiweka pasi pembeni. "Mama, Madam hajaniambia hivyo. Hiyo nimeitoa mwenyewe Mpapura."

Mpapura ni kwa mama yangu, kwenye mikorosho yetu. Mwezi uliopita Rehema alikwenda kusaidia kuokota. Huko kila mtu atakuambia kwamba gunia la korosho kubwa peke yake lina hewa, na ukitaka lijae uchanganye na ndogo. Nimelisikia hilo tangu sijaanza shule. Na kwa gunia la mchanganyiko ni kweli, kwa sababu ndogo zinaziba mianya ya kubwa. Mwanangu aliliona tundu kubwa kati ya korosho na korosho, akalihamishia kwenye sodiamu. Kosa lilikuwa la kwetu, la ukoo wangu. Mtu wa Iringa, kusiko na mikorosho, asingekosea namna ile hata angejitahidi.

"Sasa mbona hukuniuliza?"

Akavuta kola ya sare, hakuniangalia. "Madam mwenyewe alisema hapo ana wasiwasi napo. Akaniambia nikuulize wewe, wewe ndiye mwenye korosho. Ila nikimtaja tu unanuna, mama. Nikaona niache."

Nikaenda kuchukua makopo.

Tumelirudia jaribio tukiwa wawili, safari hii kwa korosho zenyewe na makopo matatu: kubwa, ndogo, na mchanganyiko. Mawili ya kwanza yakanywa maji karibu sawa. La tatu likanywa machache, na hapo Rehema akaruka. "Kumbe kuchanganya ndiko kunakojaza, siyo udogo!" Nilimnyooshea mikono nikidhani ananijia mimi. Akaikimbilia simu kumpigia Neema.

Ndiyo, iliniuma. Niliwasikiliza wakicheka nikiwa nimesimama na kopo mkononi. Kisha nikapewa simu.

"Shikamoo dada," sauti ileile. "Jamani, mimi hilo la korosho nisingeliweza. Jumatatu ukae pale mbele na sisi."

Nikasema marahaba, nikasema sawa. Rehema ameondoka na makopo kwenda kumwonyesha mwenzake jirani, na nyumba imekuwa kimya. Wivu bado ninao, sitadanganya kwamba umeisha kwa mazungumzo ya simu.

Nimekaa hapa natafuta ni nani aliyemfundisha mwanangu kuogopa kuniuliza kitu. Nimeanza na jina la Neema, kama kawaida yangu. Siyo yeye.