Mwalimu wa Roza na Kigoda Changu

Utengule, Usangu,
Mbeya.
3 Julai, 1977

Mpendwa mdogo wangu Magesa,

Pokea salamu za kaka yako Nkuba. Hujambo wewe na mji wako? Ng'ombe je? Sisi wazima, magoti tu yanauma kwa baridi. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Kwenye kisomo cha watu wazima nimewashinda wote, hata mwenyekiti.

Uliniambia mjukuu wangu Roza nimlete huko kwa mganga. Simleti. Huyo mganga alikula mbuzi wangu na mgonjwa akafa.

Roza yuko vilevile. Hasemi, hatazami mtu usoni, akisikia mashine ya kukoboa anaziba masikio. Kutwa anapanga magunzi ya mahindi mstari mmoja. Kupiga magoti kuamkia wakubwa ndiyo hataki kabisa, na majirani wanasema nimemlea vibaya. Mimi, Nkuba.

Sasa amekuja mwalimu anaitwa Tekla, mtu wa Kilolo. Iringa wana nyumba ya kufundisha watoto wa namna hii, na yeye anazunguka vijijini kufundisha wazazi. Anasema si uchawi wala utovu wa adabu, mtoto kaumbwa hivyo. Mimi simwamini. Anakaa chini vumbini, Roza akiweka gunzi naye anaweka gunzi, kimya, mpaka jua linageuka. Mtu akikuiga kimya hivyo anakuchukulia kitu, wewe unajua. Nikaficha magunzi. Roza alilia mpaka ng'ombe wakahangaika zizini. Nikayarudisha.

Na mimi ananifundisha. Nisipige kelele, nimwonyeshe mtoto kitu kwa mkono, halafu ningoje. Nikamwambia hayo nawafanyia ndama tangu hajazaliwa yeye.

Akanikataza kulazimisha maamkio. "Mzee, mbona Roza anakuamkia kila siku? Hicho kigoda nani anakuletea?"

Ni kweli. Asubuhi Roza anakileta, anakiweka penye jua, anaondoka bila kunitazama. Nilidhani mkwe wangu Kalista, mama yake, ndiye anamtuma. Nimemwuliza, anasema hajamtuma hata siku moja. Nimemwuliza tena, nikaona hadanganyi.

Mwalimu akaomba Roza aende Iringa akakae nao mpaka Krismasi. Nikajua ndicho alichokuwa anavizia. Nikakataa.

Lakini juzi Roza ametoa vigoda viwili. Kimoja changu. Cha pili akakiweka vumbini, pale mwalimu anapokaaga. Nilichunguza hata uji anaompa mtoto, maana hakupendwa bure yule. Sikukuta kitu.

Basi nimekubali, ila na mimi naenda. Watoto wanadanganyika, mimi hapana. Mpunga ukishaingia ghalani tunaondoka, na kigoda nakibeba begani. Roza akiamka huko asikione, atamwamkiaje babu yake?

Nisalimie mama Seni, Seni mwenyewe, na mzee Maganga kama bado anatembea. Mungu akulindie watoto na mifugo.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, nisiyedanganyika,
Nkuba