Nne za Bwana Saa

Nyumba za Wafanyakazi,
Chumba Na. 11,
9 Juni

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe? Wifi je, na watoto wameshapona mafua? Mimi ni mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni. Barua yako niliipata, nikaisoma hadi pale uliposema nimsamehe Bwana Saa, nimwachie Mungu. Hapo nikaikunja. Mungu nimemwachia mengi, kaka. Hili nimelifanya mwenyewe.

Hukuwepo, kwa hiyo nikusimulie. Siku mama alipozidiwa, jirani alipiga simu ya ofisi yetu ya kufulia hapa hospitali saa tatu asubuhi. Aliyeipokea ni msimamizi wetu, huyo tunayemwita Bwana Saa kwa kuvaa saa juu ya mkono wa shati. Mama alikuwa ananiita. Alikata roho saa saba mchana. Mimi niliambiwa saa kumi, nikiwa nakunja shuka la mwisho. Nilipouliza kwa nini, akasema, "Nilisubiri zamu iishe."

Sasa sikia. Mwezi wa nne walikuja wataalamu wawili kupima msongo wa mawazo kwa wafanyakazi wote wa hospitali. Karatasi yao ina kurasa mbili. Wa kwanza unauliza yaliyokupata mwaka huu: msiba, ugonjwa, kuachika, kuhama nyumba. Wa pili unauliza ni mara ngapi mwezi huu umeona mambo yamekuzidi. Unazungushia sifuri kama haijatokea hata siku moja, na nne kama ni kila mara.

Bwana Saa na kusoma ni mbali mbali. Alitupia jicho namba zile akadhani ni maksi za mtihani. Akaamuru kila mtu azungushie nne ukurasa wa pili wote, jikoni wasije wakatushinda. Wenzangu wakanitazama, maana mimi ndiye msomaji wao. Neno moja tu lingemwokoa. Nikainamisha kichwa, nikazungushia. Wengine waliona wanadanganya. Mimi nilipofika swali la hasira, sikuhitaji amri ya mtu.

Matokeo yakabandikwa ukutani. Sisi wa kufulia tumeongoza hospitali nzima kwa msongo. Jikoni, ambako mwaka huu kuna wajane wawili na mmoja aliyeunguliwa na nyumba, wako chini kabisa. Mtaalamu alitueleza kwamba misiba hubisha kila mlango, ila uzito wake hutegemea kama una wa kukupokea mzigo au wa kukuongezea. Msimamizi wa jikoni ni mama mmoja wa kelele nyingi, lakini ukiitwa nyumbani anakwambia nenda, na mwiko anaushika mwenyewe.

Bwana Saa akaitwa kwa mganga mkuu. Katika kujitetea akakiri kwamba nne zile aliziamuru yeye. Kajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Sasa kapelekwa stoo ya ndoo na mafagio, hana hata mtu mmoja wa kumfokea. Nilicheka mpaka nikakaa chini, wala sioni haya kukuambia.

Juzi alinifuata kwenye kamba za kuanikia. "Wewe unasoma," akasema. "Kwa nini hukunishtua?"

"Nilisubiri zamu iishe, bosi."

Akageuka kurudi stoo. Nikaendelea kuanika.

Jana wataalamu wamerudi kupima upya, kila mtu peke yake, bila msimamizi. Wenzangu walitoka wakitaniana, huyu kapata mbili, yule moja. Dada wa pasi, ambaye zamani alikuwa akijifungia chooni kulia, kaweka sifuri kadhaa. Mimi nilikaa na kalamu muda mrefu. Nilitamani sana kuweka hata moja. Nikazungushia nne, mwanzo hadi mwisho, na safari hii hakuna aliyeniamuru. Lakini usinielewe vibaya: ikirudi siku ile ya karatasi ya kwanza, nitamnyamazia tena.

Nisalimie sana wifi, na baba mdogo mkionana. Watoto waambie shangazi yao anawapenda. Mola awafunike, na kila mnachokishika kiwe na heri.

Za kusamehe usiniandikie tena, kaka. Niandikie za mama, za wakati ule sijazaliwa. Huku sina wa kunisimulia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote.