Chapa Chini ya Mkanda wa Fedha

Jumanne, Shaabani. Mvua ya alfajiri imepita ikatuachia joto la kupikwa kwa mvuke. Kuta za mawe za nyumba hii zinatoka jasho, nami nimekaa katikati yake natoka jasho langu, na si la hali ya hewa.

Nina aibu.

Nimetafuta neno jingine, lenye heshima zaidi kwa mtu wa umri wangu na tumbo langu. Sikulipata.

Watu wa Mji wa Kale wananijua kwa vyuma. Duka langu ni la majambia na panga, na mtu akipata silaha ya zamani huniletea nimwambie imetoka wapi na ina thamani gani. Mimi hunusa, hugonga bapa kwa ukucha, huinua nyusi, kisha hutoa hukumu kama kadhi. Mara nyingi huwa kweli. Hilo ndilo lililoniharibu.

Jana baada ya alasiri, barazani kwangu, alikuja Shaushi Farjala. Huyu ni babake Omari, kijana atakayemuoa binti yangu Zena Ijumaa hii, inshallah. Ushaushi aliupata Tanga, alikokuwa askari wa Wadachi, hawa Wajerumani. Alipohamia kwetu cheo kikamfuata kama jina. Ni mtu mpole, hasemi sana. Alikuwa amebeba kitu ndani ya kanga ya mkewe, akakifungua mapajani mwangu kama anayefunua mtoto mchanga.

Upanga.

"Nataka mwanangu aufunge siku ya akadi," akasema. "Mkubwa wangu aliniachia alipokuwa akirudi kwao. Wewe ndiwe mjuzi. Niambie kama unafaa."

Ulikuwa mzuri. Naandika hapa kwa kuwa barazani sikusema. Kichwa cha mpini ni simba wa shaba mwenye macho ya vioo vyekundu. Mshikio umevikwa ngozi ya papa na kuzungushiwa uzi wa shaba. Bapani pamechorwa majani. Panga za serikali yao hupigwa nambari ya kikosi karibu na mpini. Huu haukuwa nayo, maana yake ni wa afisa aliyeununua mwenyewe. Na pale shinani, bapa linapoingia mpinini, palikuwa na chapa ya mfua chuma: kichwa cha mfalme mwenye taji. Mdachi halisi. Mtu hamwachii askari wake kitu kama kile asipomthamini.

Haya yote niliyaona kwa mtazamo mmoja.

Lakini baraza lilikuwa limejaa, kahawa imepita, na macho yote yalikuwa kwangu. Nikapitisha kidole kwenye makali. Haukunolewa, kama zilivyo panga nyingi za gwaride.

"Yakhe Shaushi," nikasema, "huu hata halua haukati!"

Watu wakacheka. Nami nikisikia kicheko sijizuii. Nikautia bei: birika la shaba, tena lililotoboka. Nikasema Zena hataolewa na mtu aliyejifunga kisu cha Mzungu kiunoni. Omari atavaa upanga wetu, uliokuja na babu wa babu yangu kutoka Maskati, uliofuliwa na Waarabu kwa ajili ya Waarabu.

"Ama sivyo, khutba ya ndoa nayo isomwe Kidachi!" akadakia jirani yangu Athumani, na baraza zima likaangua kicheko.

Shaushi naye alitabasamu. Akaufunga upanga ndani ya kanga, polepole, pembe kwa pembe. "Ahsante, mwalimu wa vyuma," akasema, akaenda zake. Omari alikuwa amesimama nyuma yake. Yeye hakutabasamu.

Leo asubuhi ikaja salamu: Shaushi amepatwa na kikohozi, hataweza kuhudhuria akadi ya mwanawe. Kikohozi cha Jumanne kinachojua kuwa Ijumaa kitakuwapo!

Hata hapo nilijiambia kuwa mtu huyu hajui mzaha.

Nikaushusha upanga wetu ukutani niupake mafuta. Shinani umevishwa mkanda wa fedha wenye nakshi, na mkanda ulikuwa umelegea. Nikauchomoa nisafishe chini yake.

Mfalme. Na taji lake.

Nilimtazama, naye akanitazama. Mfalme yule yule, amefifia kidogo kwa umri, na chini yake herufi za Kizungu. Bapa la Mdachi, limevikwa mpini wa Maskati. Nimewahi kuwasikia mabaharia wakisema mafundi wa Udachi huuza mabapa yao hadi Arabuni. Nilikuwa nikiwacheka.

Na upanga huu huazimwa mji mzima. Nusu ya wanaume wa mtaa wetu wa Kibokoni wameoa na Mdachi kiunoni, khutba ikasomwa Kiarabu, na watoto wakazaliwa salama.

Mkanda ule, baba yangu ndiye aliyempa sonara kazi ya kuuweka. Sitaki kufikiri sana alikuwa akifunika nini.

Lakini kinachonichoma si upanga wetu. Ulikuwa mzuri jana na leo ni mzuri. Kinachonichoma ni kuwa ule wa Shaushi nao ulikuwa mzuri, nami nilijua, nikaushusha thamani mbele ya mwanawe kwa ajili ya kicheko cha watu wanaokunywa kahawa yangu bure.

Alasiri nilikwenda kwake, upanga kwapani ndani ya shuka. Akanikaribisha vizuri. Hakukohoa hata mara moja. Nikamuuliza hali ya kikohozi, akasema kinaendelea. Nikanywa kahawa yake, nikaisifu, nikamsifu na paka wake, nikarudi na upanga wangu kwapani.

"Baba Zena," mke wangu akaniuliza mlangoni, "ulikwenda kuutembeza?"

Nikamweleza yote. Hakucheka, na hapo ndipo nilipojua jambo ni kubwa. Aliuchukua mkanda wa fedha, akaufunga kwenye pindo la kanga yake. "Huu utakaa kwangu," akasema. Zena yuko chumbani tangu asubuhi, na chai yangu ameileta mama yake.

Nadhani najua kwa nini ulimi ulinikwama kwa Shaushi. Nilitaka kumwomba radhi chumbani, tukiwa wawili, ilhali nilimvunjia heshima barazani.

Kesho baada ya alasiri, basi, baraza lile lile, watu wale wale. Nitakwenda kumleta mwenyewe, nimwombe aje na upanga wake. Nitauweka wangu kando ya wake, shina wazi, kila mtu aione chapa. Kisha nitamwomba amfunge Omari ule wa simba kwa mkono wake, Ijumaa, mbele yetu sote. Athumani atanicheka mpaka Ramadhani, afunge, halafu aendelee Idi.

Sijui kama Shaushi atakubali kuja. Lakini Athumani akiniuliza bei ya upanga wa babu wa babu yangu, jibu ninalo: birika la shaba, lililotoboka.