Nyuzi Tatu za Kitanda cha Mama

Qurayyat, Jumamosi

Kwako dada yangu Shaikha,

Assalaam alaikum. Kaa chini kwanza ndipo usome, maana nakujua, utaisoma umesimama hapo mlangoni na mgongo wenyewe ndio huo. Unaendeleaje? Daktari alikukataza kumnyanyua Mama, na mimi najua bado unamnyanyua. Shemeji hajambo? Wajukuu je? Na Mama, kikohozi kimemwacha? Sisi huku ng'ambo tu wazima, alhamdulillah, tukiliondoa vumbi, ambalo sasa naona lisajiliwe kwa jina letu kabisa, maana linakula nasi na kulala nasi.

Utashangaa kuletewa barua zama hizi. Sababu ni wewe. Kila nikikutumia sauti kwenye simu unaifungulia mbele ya Mama, tena juu kabisa kwa kuwa masikio yake ni mazito, na mtaa mzima wa Mpendae unanisikia. Ninayotaka kukuambia leo hayafai kusikiwa hivyo. Nimempa Aflah, binamu yake mume wangu Yaqdhan, anayekuja huko Alhamisi, na bahasha nimeitia gundi mara mbili kwa sababu namjua Aflah.

Kwanza habari za karavani, hiki kijumba chetu cha magurudumu. Bado tumo. Tuliingia kwa miezi sita, na huu ni wa kumi na sita. Unakumbuka mwenye fleti yetu ya Al Khuwair alipomuoza mwanawe akaitaka nyumba yake, nikasema kwa kinywa changu mwenyewe kwamba hakuna haja ya kupanga pengine, tununue karavani tukaiweke kiwanjani Qurayyat tunapojenga, niwasimamie mafundi kwa macho yangu. Yaqdhan aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia mtu aliyelelewa kwa Shangazi Hajar kule Sidab, watu kumi na mmoja choo kimoja, haogopi karavani. Mdomo huu, Dada, kama ungekuwa na mshahara ningekwisha kuufukuza kazi.

Humu ndani kila kitu ni kitu kingine. Meza ndiyo kitanda cha Ruba, kochi ndilo kabati, na nikisimama kwenye jiko mlango haufunguki, kwa hiyo Yaqdhan akirudi kazini hungoja nje na mkoba wake mpaka wali uive. Ruba akijigeuza sote tunatikisika. Binti wa miaka kumi na tano ana haki ya kuwa na mlango wa kuubamiza, yeye ana pazia tu, na kulibamiza pazia ni kazi. Mbuzi wa jirani wanakuja kukwaruza pembe zao kwenye ukuta wa bati. Nimefagia mara nne leo na hata saa tano haijafika.

Siwezi kutulia. Nikikaa ndani nataka kutoka, nikitoka jua linanirudisha. Nachukua futi ya chuma nazunguka nyumba napima vitu nilivyokwisha kuvipima, nikitoka hapo nakwenda kwenye tangi la maji naligonga kusikiliza limejaa kiasi gani, na lori la maji limeondoka muda huo huo. Mafundi wameshanizoea. Wakiniona naja na futi huweka vifaa chini kabla sijasema kitu, kwa sababu wanajua kuna kitu kitavunjwa.

Nyumba yenyewe imesimama. Majlis, chumba cha kupokelea wageni, imeezekwa, jiko linangoja makabati, ukumbi hauna dari, ngazi haina pa kushikia. Lakini ninachotaka kukuambia ni cha chumba cha Mama, kile cha chini, chenye mlango wake wa kutokea uani.

Nilikuambia mwaka jana kwamba mlango wake ulikuwa mwembamba, kiti chake cha magurudumu hakipiti, ukavunjwa ukapanuliwa. Hilo lilikuwa kweli. Baadaye nikakuambia marumaru zilikuwa za kuteleza, zikang'olewa zote. Kisha nikakuambia choo chake kimeelekea kibla. Ghassan, msimamizi wa ujenzi, alitoa dira yake akanionesha kwamba hakielekei kibla wala hakikipi mgongo, kiko ubavuni kabisa, na akaniambia kwa adabu kwamba amejenga misikiti miwili katika maisha yake. Nikamwambia moyo wangu hauna raha. Mtu akishataja moyo na kibla pamoja, nani atabishana naye? Walichimba siku tisa, mabomba yakageuzwa, na wewe ukaniletea sauti ukimsifu Mwenyezi Mungu kwa kukupa ndugu mwenye tahadhari.

Halafu kitanda. Nilitaka fundi seremala atengeneze kitanda cha kimo cha Mama, akikaa nyayo ziguse chini. Ukampima kwa uzi, fundo moja kwenye goti na jingine kisiginoni, ukautuma na mtu pamoja na mchele wa basmati ambao huku tunao tele, lakini wewe ndivyo ulivyo. Nikakuambia uzi umepotea. Ukatuma wa pili. Nikakuambia huu nadhani ulilowa ukajikunja, hauaminiki. Ukatuma wa tatu bila ya kunung'unika, na mgongo huo huo, umepiga magoti mbele ya Mama. Nyuzi zote tatu ninazo, Dada. Zimening'inia kwenye msumari juu ya kioo cha karavani, pamoja na ufunguo wa chumba chake. Nimezilinganisha mara nyingi. Fundo kwa fundo ni sawasawa. Mama hakurefuka.

Ijumaa iliyopita, jana yaani, watu wanarudi msikitini, kiyoyozi cha karavani kikafa. Joto la Mfungo Nne huku si la kuhadithiwa. Yaqdhan akasema tukapumzike kwenye chumba cha Mama, kwani umeme wa nyumba ulikwisha kuungwa. Nikamwambia rangi haijakauka. Akaniuliza rangi gani, hiyo ya Shaabani? Akachukua ufunguo kwenye msumari akaenda, na mimi nyuma yake nikimwita kama mtu aliyeibiwa.

Akafungua. Kitanda kipo, kimetandikwa. Taa inawaka, maji yanatoka, cha kushikia kipo chooni, hata msala umekunjwa juu ya kiti. Yaqdhan hakupandisha sauti, unamjua. Akaniambia nimtajie kitu kimoja kilichobaki, kimoja tu, naye atakwenda kukinunua muda huo huo bila ya kuvua kanzu. Nikasema mapazia. Akafungua kabati, mapazia yamo, yamo ndani ya mfuko wake wa dukani, na mimi ndiye niliyeyatia. Ruba alikuwa amesimama mlangoni. Akayachukua akaanza kuyatundika. Mimi nikatoka nikaenda kuligonga tangi.

Jioni ndiyo ikaja sauti yako. Ukaniambia nisiharakishe, kwamba mgongo unavumilika, ila nicheke kidogo, kwani Mama amefunga begi lake. Kwamba kila Ijumaa analitoa, anazikunja kanga zake upya, analirudisha chini ya kitanda, na anakuuliza kama ile nyumba ya Khawla imekwisha. Nikasikia na yeye nyuma yako akiuliza, "Imekwisha? Mwambie begi nnalo tayari." Ulicheka wewe. Mimi sikucheka.

Dada, nina jambo ambalo sijapata kumwambia mtu, hata Yaqdhan nimemwambia jana tu. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, mimi tisa, na sote tunakaa chumba kimoja kwa Bibi Kikwajuni huku Baba anajenga Mpendae. Shangazi Hajar akaja kututembelea kutoka huku, akaona tulivyobanana, akaniomba mimi mdogo nikakae naye Sidab mpaka nyumba ikamilike. Mama akanifungia begi. Akaniambia, na maneno haya nayakumbuka mpaka harufu ya mkono wake, kwamba nyumba ikisha atakuja kunichukua mwenyewe.

Kila anayetoka Unguja nilimuuliza. Wote walinijibu bado kidogo, imebaki plasta, imebaki paa. Mwaka wa pili Shangazi akaletewa picha. Wewe umekaa kwenye baraza ya sementi na gauni jipya, na nyuma yako mlango umepakwa rangi ya kijani. Nyumba yenye mlango uliopakwa rangi imekwisha, hata mtoto anajua. Nikafunga begi nikaliweka chini ya kitanda. Kila skuli zikifungwa nililitoa nikazikunja nguo upya, na zile zilizokuwa zinanibana nikazitoa nikatia nyingine. Mpaka nilipokuwa na miaka kumi na mitatu. Hapo nikalipeleka begi jikoni, Shangazi akalitilia viazi.

Silaumu mtu kwa kuwa sijui la kulaumu. Labda Baba alikuwa hana uwezo. Labda Mama aliona huku nimepata skuli nzuri akaona aniache. Shangazi alinipenda, Mungu amrehemu. Lakini hakuna aliyenieleza, na mimi sikuuliza, na nilipokuja Mpendae kwa mara ya kwanza nilikuwa na miaka ishirini na moja, na mume. Mama alinitolea taulo jipya la wageni. Wewe ukajifutia la zamani lililokuwa kwenye kamba. Nilililia lile taulo lako, ndani ya choo, na nyinyi mkadhani nina tumbo.

Sasa nakuambia. Chumba cha Mama kimekwisha tangu Shaabani, miezi mitano sasa. Marumaru zilizong'olewa zilikuwa nzuri. Choo hakikuwa na kosa. Ulinihurumia kwa mafundi wabaya, na mafundi wangu ni wazuri kupita kiasi. Mimi ndiye niliyekuwa nikichelewesha. Nilijidanganya kwamba naogopa, kwamba mimi si mtoto wa kumjua Mama anapenda chai yake vipi, kwamba ataniita kwa jina lako na nitaitika. Hayo yapo, nayaogopa kweli. Lakini chini yake kulikuwa na jengine. Kila aliponiuliza kwenye simu kama imekwisha, na mimi nikamjibu bado kidogo Mama, imebaki hiki, nilipata raha. Ndogo, mbaya, lakini raha. Nilitaka angoje. Nilitaka ajue kungoja kukoje.

Wala yeye hakujua kwamba anaadhibiwa. Ni bibi wa miaka themanini na nne anakunja kanga. Na wewe ambaye hukunikosea kitu, isipokuwa kukaa kwenye baraza ukapigwa picha, ndiye uliyemnyanyua miezi yote hiyo kwa mgongo usiokuwa mzima. Nilipoisikia habari ya begi nilikaa kwenye ngazi ya karavani. Naona haya, Dada. Nisamehe. Ukitaka kunikasirikia nikasirikie mwaka mzima, ni haki yako, ila ukimaliza unipigie simu.

Yaqdhan nilipomwambia yote aliniuliza kama pasi yangu ya kusafiria haijakwisha muda. Haijakwisha. Tiketi tumeikata, Alhamisi inayofuata baada ya hiyo ya Aflah, mimi peke yangu kuja, sisi wawili kurudi. Sisi wengine tutabaki karavanini mpaka ukumbi upate dari, na Ruba ameshajitangazia kwamba atalala chumbani kwa bibi yake awe anamsaidia, na mimi najua ni kwa ajili ya ule mlango wa kubamiza. Chai ya Mama utaniandikia inavyotiwa, tangawizi kiasi gani, sukari kiasi gani, nami sitaupoteza huo mwandiko.

Usimwambie kwamba nyumba imekwisha, kwa sababu haijesha, na mimi nimechoka kusema uongo wa nyumba. Usimlete uwanja wa ndege, wala usimtume mtu amlete. Mwambie akae hapo hapo barazani, Khawla anakuja kumchukua mwenyewe. Na begi lake lisifunguliwe.

Nisalimie shemeji, uwabusu wajukuu mmoja mmoja, na yule anayetaka kuona karavani mwambie mbuzi wanamngoja. Yaqdhan na Ruba wanakupa salamu nyingi. Mungu akupe afya na akupunguzie maumivu mpaka nifike niyapunguze na mimi kwa mikono yangu.

Mdogo wako,
Khawla

Taulo la wageni usinitolee. Nitajifutia lililopo kwenye kamba.