Usiniache Nusu

Jumatatu, 4 Februari

Mama amefariki. Jana jioni, hapa hapa nyumbani. Daktari anasema ni moyo. "Hata kama ungekuwa kando yake, Kanae, usingeweza kufanya kitu." Alisema hivyo kunifariji. Lakini nilikuwa kando yake! Mlango wa karatasi tu kati yetu.

Niandike ilivyokuwa, maana hakuna wa kumwambia.

Jana ilikuwa siku ya kufukuza mashetani. Tulirusha maharage, kisha mimi na mume wangu Yasuo tukasimama jikoni na roli zetu za wali. Mwaka huu bahati iko mashariki, kaskazini kidogo — yaani kwenye friji. Unaitazama bahati, unaomba moyoni, unakula roli nzima, husemi neno mpaka uimalize. Ukisema, bahati imekwenda. Mama, mama yake Yasuo, alikuwa akitucheka kila mwaka. "Nyie watu wa Osaka! Mnalisujudia friji." Kwao Tochigi, upande wa Tokyo, watu hula wameketi, wakizungumza. Miaka hamsini ameishi hapa Kishiwada na bado alikuwa anasema "kwetu".

Nilikuwa katikati ya roli aliponiita. "Kanae." Si kwa kelele. Kama mtu anayetaka kuongezewa chai. Kisha tena, "Kanae." Feni ya jikoni ilikuwa inavuma, Yasuo hakusikia. Mimi nilisikia.

Nikaendelea kutafuna.

Nilimaliza. Nikanywa na maji. Ndipo nikafungua mlango. Alikuwa ameegemea ukuta, ndara moja mguuni, nyingine imegeuka chini juu.

Na unajua nilichoomba huku natafuna? Afya. Ya nyumba nzima.

Jumanne, 5 Februari

Simu, simu, simu. Kasisi wa hekalu. Majirani. Mama amelala chumbani kwake na barafu kavu pembeni, uso mtulivu. Nimembadilishia maji ya maua mara nyingi zaidi ya inavyohitajika. Nashindwa kukaa naye, nashindwa kuondoka.

Kesho hakuna kuchoma maiti. Ni ile siku inayovuta rafiki. Anayezikwa siku hiyo huondoka na mwenzake, kwa hiyo tanuri linafungwa. Mkesha kesho, mazishi Alhamisi. Bwana Nishiura wa kampuni ya mazishi alikuja na katalogi yake. Anaongea polepole, mikono juu ya magoti. Jeneza, maua, picha. Halafu vyungu vya mifupa.

"Saizi ya kawaida?" akauliza.

Yasuo akaitikia kwa kichwa. Kawaida ya kwetu ni kile kidogo. Mwili ukishachomwa, unachukua kwa vijiti mfupa wa shingo, ule unaofanana na Buddha aliyeketi, na vipande vya kichwa, vya mikono, vya miguu. Kinajaa, unafunga. Kinachobaki kinabaki kule kule tanurini. Sijawahi kuliona jambo hilo kuwa la ajabu. Wazazi wangu tuliwachukua hivyo.

Ukurasa wa mwisho kulikuwa na kimoja kikubwa, cheupe, kama sufuria ya supu ya harusi. "Hiki ni kwa wenzetu wa upande wa Tokyo," Bwana Nishiura akasema. "Wao huchukua mifupa yote, hata vumbi."

Yasuo akanigeukia. "Mama alikuwa wa upande huo. Aliwahi kukwambia lolote?" Aliniuliza mimi kwa sababu Mama alikuwa anaongea na mimi. Na Yasuo alikuwa anaongea habari za hali ya hewa tu.

Nikasema, "Hapana. Hakusema."

Alisema! Septemba, kwenye kaburi la Baba. Mimi nasugua jiwe, yeye ananishikia ndoo. Akasema, "Baba yenu tulimwacha nusu kule. Sikupata usingizi. Mimi usiniache nusu, Kanae." Nikasema, "Sawa, Mama." Nikaendelea kusugua.

Sasa kwa nini nimedanganya? Nimekaa na swali hili tangu mchana. Nilijiambia ni kwa sababu ya kaburi. Mdomo wa kaburi, pale chungu kinapoingizwa, ni mdogo, nausugua mimi kila mara, naujua. Lile sufuria halipiti. Nilijiambia sitaki kumchanganya Yasuo. Ni kweli vyote viwili. Lakini kuna kingine. Miaka yote, kwa Mama, supu yangu ilikuwa maji matupu. Mchuzi wangu wa tambi hauna rangi. Maandazi yangu ya mchele ni ya mviringo, kwao ni ya mraba. Bwana Nishiura alipofungua ukurasa ule nikahisi — hili moja, angalau hili moja, lifanywe kama kwetu.

Mtu amekufa na mimi nashindana naye.

Nikachagua kidogo chenye maua ya fuji, yale ya zambarau yanayoning'inia, kwa kuwa kwao fuji huchanua vizuri. Kizuri kweli, kinakaa viganjani. Nadhani nilitumaini maua yatafidia ukubwa.

Jumatano, 6 Februari

Mama Mdogo Setsu amefika kutoka Utsunomiya, kule kule Tochigi. Huyu ndiye mdogo wake Mama, pekee aliyebaki. Kafupi, mgongo umepinda, boksi la stroberi kwapani. "Dada anapenda za kwetu." Akaziweka karibu na kichwa cha Mama, akamgusa shavu, akamwambia, "Umelala sana leo." Kisha akalia kidogo, akapenga kamasi, akaomba chai.

Chungu kilikuwa mezani, Bwana Nishiura alikileta asubuhi. Mama Mdogo akafungua kifuniko, akachungulia.

"Cha sukari hiki?"

"Ni cha Mama," nikasema.

"Cha dada yangu, au cha paka wake?"

Yasuo akacheka kwa aibu. Akaeleza vizuri, kwa upole, yeye si mtu wa kugombana. Kwamba huku ndivyo ilivyo. Kwamba hata Baba walimchukua hivyo.

"Najua mlivyomchukua. Dada alinipigia simu siku ile, analia. Nikadhani anamlilia mume, kumbe analilia nusu ya mume." Akafunga kifuniko. "Na hiyo mifupa inayobaki inakwenda wapi?"

"Hekaluni, Mama Mdogo. Inazikwa pamoja, kwa heshima. Inasomewa dua."

"Pamoja na nani?"

"Na... wengine."

"Dada Fumie? Na watu asiowajua? Ambaye hata bafu la mtaani alikuwa hataki, eti wanamtazama?"

Hapo hata mimi nilikaribia kucheka, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Lakini Yasuo alikuwa ameanza kuwa mwekundu masikioni. Akasema kikubwa hakipiti kwenye kaburi. Ukimtaka Mama mzima, itabidi akae mbali na Baba. Ukimtaka karibu na Baba, ni hiki kidogo. "Ningejua alichotaka, ningefanya. Lakini hakusema."

Mama Mdogo akanitazama mimi. Macho yale yale ya Mama, madogo, yasiyo na haraka. "Kanae. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Alikwambia kitu?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi mbele yangu! Nilichotakiwa ni kusema ndiyo.

Nikasema, "Ngoja nikaongeze chai."

Jikoni nikasimama tena mbele ya friji. Sikuwa na kitu mdomoni safari hii.

Watu walikuja mkeshani, wakachoma udi, wakasema nilimtunza kama mama yangu mzazi. Kila aliyesema hivyo nilimwinamia chini zaidi ili asinione uso.

Baadaye, nikitafuta sahani, niliuona mtungi wake wa achari ya plamu chini ya sinki. Wa udongo wa Mashiko, kwao, kahawia, mwembamba, umemeguka kidogo ukingoni. Alikuja nao akiwa bibi harusi. Nikaushika. Nikapima upana wake kwa mkono wangu, ule ule unaosugua kaburi.

Huu unapita.

Kikubwa hakipiti. Lakini vidogo viwili — hiki cha fuji na mtungi wake — vinapita, kimoja baada ya kingine. Mama mzima, au karibu mzima, na karibu na Baba. Kwa nini hakuna aliyewaza hivi? Kwa sababu hakuna aliyejua kuna haja. Ila mimi.

Ndani zilikuwa zimebaki plamu chache, za mwisho alizotia chumvi mwenyewe. Nimezihamishia kwenye kopo la plastiki. Nimeuchemshia mtungi maji, nikausugua. Harufu ya chumvi haitoki. Basi ibaki.

Alhamisi, 7 Februari

Naandika kwenye chumba cha kusubiri. Tumemsindikiza, mlango wa chuma umefungwa, kasisi amemaliza. Sasa ni kusubiri.

Asubuhi nilimvuta Bwana Nishiura kando. Nikamwonyesha mtungi ndani ya kitambaa. Hakushangaa. Akasema wapo wanaoomba, na hapa wanakubali, ila sharti ni moja — aseme mfiwa mkuu. Mtoto wa marehemu. "Mumeo akisema tu, watu wa tanuri watatuachia tuokote mifupa yote. Asiposema, chungu kikijaa wanafagia yanayobaki kwenye sinia." Akanitazama kidogo. "Wakifagia, hakuna kurudisha."

Kwa hiyo lazima nimwambie Yasuo. Na Yasuo ataniuliza kwa nini leo, kwa nini si juzi. Nitasema nini? Kwamba nilisahau? Hicho ningekiweza. Nimeshakifanyia mazoezi ndani ya gari. "Nimekumbuka ghafla, Yasuo." Kingemtosha, ananiamini. Ni hapo ndipo ninaposhindwa kumeza.

Wamekula. Mimi sikuweza. Yasuo kanisogezea samaki wake, kama afanyavyo kila siku. Kasema, "Umechoka. Umemfanyia Mama kila kitu." Nikatazama vijiti vyangu.

Nilidhani mtungi haujaonekana. Uko magotini kwangu chini ya meza. Lakini Mama Mdogo Setsu, akipita kwenda msalani, akasimama. Akainua ncha ya kitambaa kwa kidole.

"Huu ni wa mama yetu," akasema. "Alimpa Fumie siku anaolewa. Mimi nilitaka nipewe mimi." Akanusa. "Plamu zimekwenda wapi?"

"Nimezihifadhi."

Nadhani aliona kila kitu. "Kumbe alikwambia," akasema, taratibu, asimsikie mtu. Akanifunikia mtungi vizuri, kama anavyofunikwa mtoto, akaenda zake.

Hakumwambia Yasuo. Ameketi kule, anamenya chungwa, hanitazami. Ananiachia mwenyewe.

Sasa mhudumu ameingia, ameinama. Mama yuko tayari, amesema. Watu wanainuka, wanavaa makoti. Bwana Nishiura ananitazama kutoka mlangoni, halafu anautazama mtungi. Yasuo amekibeba kile kisanduku chenye chungu cha fuji. Kidogo sana mikononi mwake. Anarudi kunifuata.

"Kanae, hicho ulichokishika ni nini?"

Nimemwonyesha kidole: dakika moja. Eti namalizia kuandika.

Amesimama hapa mbele yangu. Anaita tena, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kanae."

Naam, nimesema. Nimesikia. Kaa kwanza, Yasuo, kuna jambo Mama alini—