Pipi za Ndimu Nilizompa Mke Wangu

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi pokea salamu zangu. Naomba unisaidie kabla ya Alhamisi maana nimekwama. Mimi ni fundi cherehani, mke wangu ni mwalimu wa chekechea, mwaka juzi alipata saratani ya koo, akachomwa mionzi, akapona, tukashukuru, lakini mate yakamkauka kabisa, hata kuongea akawa anaongea kwa shida, nami kwa huruma nikaanza kumnunulia pipi za ndimu anyonye zimletee mate, asubuhi pipi, mchana pipi, namjazia pipi kopo zima nililokuwa nikiwekea vifungo, najiona mume wa kupigiwa mfano. Sasa meno yanamomonyoka, mama wa watu anacheka kaziba mdomo kwa kiganja. Daktari wa meno aliniita pembeni akaniuliza, "Anakula nini mchana kutwa?" Nikajibu, "Chakula cha kawaida tu, daktari." Nilidanganya, mshauri, maana papo hapo nilijua ni zile pipi. Akasema basi ni mionzi, akampa dawa ya kupaka yenye protini ya maziwa, mke wangu kaitupa kabatini, anasema, "Baba watoto, mimi si ndama. Nang'oa yote nikae nyumbani, watoto wa darasani wasije wakaniogopa." Alhamisi anakwenda kwa mng'oaji mwingine asiyejua habari za mionzi. Na pipi bado nanunua, kwa sababu nikiacha ataniuliza kwa nini. Nifanyeje?

Fundi Cherehani

Fundi, pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikavua miwani.

Sasa nikuseme kidogo. Mwanzo hukujua, na kwa hilo sikulaumu. Lakini tangu ulipojua, kila pipi unayompa unaficha aibu yako tu, na anayeumia ni yeye. Jamani! Acha leo.

Mate ndiyo yanayolinda meno, na yake yamekauka, kwa hiyo sukari na ukali wa ndimu vimejitawalia. Ile dawa si mzaha. Ina vipande vidogo vya protini ya maziwa, wataalamu huviita peptidi, vinavyoshika kalsiamu na fosfeti na kuziweka juu ya jino lililoanza kulainika, lipate kukaza tena. Tundu haizibi, nisikudanganye, na dawa ya meno yenye floraidi aendelee nayo. Kama maziwa humdhuru, asiiguse. Mdomo ukikauka anywe maji kidogo kidogo, na akitaka maziwa anywe bila sukari.

Na huko kung'oa, hapana! Taya lililochomwa mionzi kidonda chake kinaweza kukataa kupona, mfupa ukafa. Mpigie daktari wake wa meno leo hii, mwambie habari za pipi, na jino lisiguswe kabla yeye na daktari wa saratani hawajazungumza.

Kisha kaa na mkeo, umwambie. Atalia, na pengine atakufukuza chumbani. Kaa mlangoni. Mwanamke huyu anadhani mwili wake umemsaliti mara ya pili, ndiyo maana ameukatia tamaa. Mwambie haukumsaliti peke yake, ulikuwa na msaidizi, na msaidizi huyo ni wewe.